Kumsaidia mtoto aione thamani yake na karama aliyopewa na Mungu

Mwongozo huu ni wa mzazi au mlezi anayeishi na mtoto nyumba moja, na wa mwalimu wa Shule ya Jumapili anayekutana naye mara moja kwa wiki. Umewalenga watoto wa miaka 4 hadi 12, wale ambao bado hawajaingia darasa la kipaimara. Mifano mingi nimeitoa katika maisha ya sharika zetu za KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) kwa kuwa ndiko ninakofundisha. Mama wa Kikatoliki mwenye mtoto katika Utoto Mtakatifu, chama cha watoto cha kanisa lake, au mwalimu wa kanisa la Kipentekoste, hatapata shida kuifuata.

Kabla ya hatua zenyewe, niseme kuhusu utaratibu wake, maana hapo ndipo wengi tunapokosea njia. Wazazi huanza kwa kutafuta kipaji. Mtoto anaimba, basi anaambiwa yeye ni hazina. Mtoto anaongoza darasani, basi anashangiliwa na ukoo mzima. Thamani inakuja nyuma ya kipaji, kama ujira. Siku sauti ikikauka, au nafasi ya kwanza ikichukuliwa na mwingine, mtoto anabaki hana pa kusimama. Kwa hiyo thamani itangulie. Karama itafuata, na ikichelewa kuonekana hakuna kilichoharibika.

Hatua ya 1: Mwambie yeye ni nani kabla hajafanya lolote

Fungua Luka sura ya 3. Yesu anabatizwa, mbingu zinafunguka, na sauti inasema: "Wewe ndiwe Mwanangu, mpendwa wangu, nimependezwa nawe." Wakati huo, kwa jinsi Luka anavyosimulia, hajaponya mgonjwa, hajahubiri, hajamwita mwanafunzi hata mmoja. Kazi yote bado iko mbele, na Baba ameshatamka pendo lake. Nasi tufuate mfuatano huo huo.

Kwa vitendo, chagua nyakati ambazo mtoto hajafanya kitu cha kusifiwa. Anapoamka na macho bado mazito. Anapovaa viatu vya shule. Usiku kabla ya kulala, weka mkono kichwani pake, mwite kwa jina lake kamili, kisha umwambie: "Namshukuru Mungu kwa kukuleta kwetu." Inatosha. Usiongeze "ndiyo maana nataka usome kwa bidii." Ukiongeza hivyo, neno la upendo limegeuka kuwa sharti, na watoto hulisikia sharti hilo upesi kuliko tunavyodhani.

Mweleze pia habari ya jina lake: nani alimpa, siku gani, kwa nini. Isaya 43:1 inasema, "Nimekuita kwa jina lako, wewe u wangu," na mtoto anayejua hadithi ya jina lake hulipokea andiko hilo kwa urahisi. Mwenye jina la Neema, Baraka au Tumaini hana kazi kubwa. Kazi ipo kwa mtoto aliyeitwa Shida, Tabu au Mateso. Huyo msimulie habari za Yabesi katika 1 Mambo ya Nyakati 4:9-10. Mama yake alimpa jina hilo kwa kuwa alimzaa kwa huzuni, lakini Biblia inamtaja kuwa mwenye heshima kuliko nduguze. Mwambie waziwazi: shida ilikuwa ya familia kwa wakati ule, wewe hukuwa shida.

Kipimo cha hatua hii ni siku ya ripoti. Shule zimefungwa, mtoto amerudi na karatasi, amekuwa wa 43 kati ya 60. Fanya hivi. Mpokee kwanza, avue viatu, apate chakula. Kisha kaeni muisome pamoja, ukianza na sehemu ya tabia na mwenendo ambayo ripoti nyingi za shule zetu huwa nayo: ushirikiano, usafi, heshima, kujituma. Zungumzeni kilicho kizuri hapo. Ndipo mshuke kwenye hisabati, na mpange nani atamsaidia na saa ngapi. Simaanishi alama mbaya zipuuzwe. Mtoto ambaye hajui kusoma anahitaji msaada wa kusoma, tena mapema. Namaanisha kwamba atoke katika mazungumzo hayo akijua kuwa hesabu ndizo zenye tatizo, na yeye mwenyewe bado ni mwanao kama alivyokuwa jana. Mwaka 2023 Baraza la Mitihani, NECTA, liliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora kitaifa. Sebuleni kwetu orodha hiyo bado inasomwa kila likizo.

Hatua ya 2: Ondoeni maneno yanayombomoa

Hii ni fupi kuielewa na ndefu kuitenda. Andika kwenye karatasi maneno ambayo mtoto huyu husikia nyumbani kwa wiki moja. "Mwangalie mwenzako." "Wewe kichwa chako kigumu." "Umerithi ya baba yako." Ongeza majina ya utani yanayotokana na mwili wake: Kibonge, Mweusi, Meno. Mengi tunayasema kwa kicheko, na mtoto naye hucheka, kwa sababu asipocheka ataonekana ana hasira.

Kulinganisha watoto wa nyumba moja kuna madhara makubwa zaidi. Mwanzo 37 inaeleza kwamba Yakobo alimpenda Yusufu kuliko wanawe wengine akamfanyia kanzu, na ndugu zake wakashindwa kusema naye kwa amani. Aliyeumia kwanza ni yule yule aliyependelewa. Ukimsifu kifungua mimba mbele ya mdogo wake kwa nia ya kumchochea mdogo, umewapa wote wawili mzigo.

Ugumu mwingine ni kwamba mtoto hulelewa na wengi. Kuna bibi, kuna mjomba, kuna dada wa kazi. Huwezi kumkaripia bibi. Kaa naye jioni, baada ya shikamoo na habari za siku, umwambie, "Mama, naomba unisaidie jambo moja. Huyu mjukuu wako anaanza kuamini kwamba ni mjinga. Naomba tumwite jina lake tu." Mabibi wengi wakiombwa msaada kwa namna hiyo hugeuka kuwa walinzi wakali wa mtoto kuliko wewe.

Hatua ya 3: Tazama, uandike

Nunua kaunta buku ndogo. Kwa mwezi mzima usimwambie mtoto kitu kuhusu kipaji. Andika tu unachokiona, pamoja na tarehe. Mwalimu wa Shule ya Jumapili mwenye watoto wengi achague watano kila wiki na kuwaangalia hao.

Unatafuta nini? Anza kwa kupanua orodha yako ya karama. Tukisikia "kipaji" tunafikiria kuimba, mpira na hisabati. Biblia ina orodha pana zaidi. Katika Kutoka 31 Mungu anasema amemjaza Bezaleli roho yake, na kazi aliyopewa ni ya mikono: kuchonga mbao, kukata vito, kufua dhahabu, fedha na shaba. Warumi 12 inataja kufundisha, kufariji, kukirimu, kusimamia, na kurehemu. Kurehemu! Ni mara ngapi tumempa mtoto zawadi kwa kuwa na huruma?

Basi yatazame haya:

Anafanya nini bila kutumwa? Kuna mtoto ambaye akifika tu anapanga viatu mlangoni. Mwingine anakwenda moja kwa moja kwa mtoto mchanga.

Wenzake humwendea kwa jambo gani? Watoto wana ujuzi mkubwa wa kutambua karama za wenzao. Wakigombana mpirani, nani anaitwa kuamua? Kalamu ikiharibika, inapelekwa kwa nani?

Nini kinamuuma? Mtoto anayelia kwa sababu mwenzake ameonewa, au anayekasirika mbwa akipigwa mawe, anakuonyesha kitu ambacho mtihani hauwezi kukipima.

Anauliza nini? Anakumbuka nini? Kuna anayejua majina ya watu wote wa mtaa na undugu wao. Kuna anayetumwa dukani akarudi na chenji kamili pamoja na maelezo ya bei za kila kitu.

Tazama hasa kwenye kazi za kawaida za nyumbani. Samweli alipokwenda kwa Yese kumtafuta mfalme, wana saba walipitishwa mbele yake, na wa nane, Daudi, hata hakuitwa, alikuwa machungani. Kumbe huko kwenye kondoo ndiko alikozoea kupambana na simba na dubu, na habari za ustadi wake wa kupiga kinubi zilikuwa zimeshafika kwa watumishi wa Sauli. Baba yake mwenyewe hakuona sababu ya kumwita. Kama mtoto wako anachunga mbuzi, anateka maji, anamsaidia mama kuuza maandazi, huko ndiko ukatazame.

Hatua ya 4: Mwambie ulichokiona

Baada ya mwezi una kurasa kadhaa. Sasa sema naye, mkiwa wawili tu, mnapochambua mboga au mnapotembea kwenda ibadani. Tumia mambo matatu: tendo uliloliona, matokeo yake kwa mtu mwingine, na Mungu aliyempa.

"Jumanne mdogo wako alipolia, ulimpa uji wako wewe ukasubiri. Akanyamaza. Mungu amekupa macho ya kumwona mwenye shida."

"Wewe una akili sana" haimsaidii mtoto, kwa sababu hajui afanye nini na sifa hiyo. Tena kesho akikosea swali atahisi amenyang'anywa. Ukimtajia tendo, anajua kitu ambacho ni chake na anaweza kukirudia.

Wazee watakukumbusha kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hofu yao ina msingi, kwa maana sifa tupu hupandisha kichwa. Dawa yake iko katika 1 Petro 4:10, kwamba kila mmoja aitumie karama aliyoipokea kwa kuhudumiana. Kwa hiyo kila ukimwambia ulichoona, malizia kwa kumuuliza: "Unafikiri nani mwingine anahitaji kusaidiwa hivyo?" Mtoto akianza kutafuta wa kumsaidia, majivuno hayapati nafasi kubwa.

Kwa wadogo wa miaka 4 hadi 6, sentensi moja inatosha na isemwe siku ile ile ya tukio. Wakubwa wa miaka 10 na kuendelea huona aibu kusifiwa mbele za watu. Wao waandikie kikaratasi, ukiweke ndani ya daftari lao la shule.

Hatua ya 5: Mpe kazi ya kweli

Karama isiyotumika haijulikani, hata kwa mwenyewe. Katika Yohana 6 mvulana alikuwa na mikate mitano ya shayiri na samaki wawili, na chakula kile kikapokewa, kikaombewa, kikagawiwa. Hakuambiwa asubiri akue.

Kazi ya kweli ni ile ambayo isipofanyika, watu watakosa kitu. Anayependa watu asimame mlangoni kukaribisha wageni, na ajue jina la kila mtoto mpya kabla ibada haijaisha. Mwenye utaratibu apewe kupanga mabenchi na kutunza vitabu vya nyimbo. Mwenye hesabu aketi na mzee wa kanisa wakihesabu sadaka ya watoto. Anayechora achore picha ya somo la wiki ijayo. Mwenye kayamba apige kayamba. Nyumbani, msimuliaji awasimulie wadogo kila jioni hadithi moja ya Biblia, na mpenda wanyama awe ndiye anayekuambia kuku gani anaumwa.

Mpe wiki sita hivi kabla ya kubadilisha. Akikosea, usimnyang'anye kazi. Mwonyeshe tena. Na usimwekee alama ya kudumu, "huyu ni mchungaji wetu wa kesho." Mtoto wa miaka 7 anapenda vyura leo, mwezi ujao baiskeli. Hata Eli, kuhani mzee, ilibidi Samweli aitwe mara tatu ndipo akatambua kwamba ni Bwana anayemwita mtoto. Sisi nasi tuchukue muda.

Hatua ya 6: Somo moja la Shule ya Jumapili

Somo hili la dakika 45 lifanyike baada ya mwezi wa kutazama. Andaa karatasi mbili za manila zilizounganishwa, maka peni, gundi, na vipande vidogo vya karatasi kwa idadi ya watoto. Darasa likiwa na watoto 60, ligawe makundi ya wanane wanane, kila moja na kijana wa kipaimara wa kulisimamia.

Mlaze mtoto mmoja juu ya manila, wenzake wachore umbo lake. Kisha soma taratibu 1 Wakorintho 12:14-22. Ukifika penye jicho lisiloweza kuuambia mkono "Sina haja na wewe," simama. Waite watoto wawili. Mmoja afumbe macho na kushika kikombe cha maji, mwingine mikono yake iwe nyuma na aongoze kwa maneno tu, wavuke chumba bila kumwaga. Watoto watalielewa andiko hilo kwa miguu yao wenyewe.

Sasa wakae duara. Kila mtoto kwa zamu atajwe jina, na wenzake waseme sentensi inayoanza na "Nimemwona aki-": nimemwona akigawa karanga zake, nimemwona akimshika mkono Rehema kuvuka barabara. Weka sheria tangu mwanzo: hakuna kutaja nguo, sura, wala nafasi ya darasani. Kila linalosemwa liandikwe kwenye kipande chenye jina lake. Wasiojua kusoma wachoriwe.

Katika kila darasa yupo mtoto ambaye likitajwa jina lake panakuwa kimya. Mara nyingi ni mgeni, au mpole sana, au yule ambaye nguo zake hazifuliwi. Kwa ajili yake ndiyo maana umebeba kaunta buku. Jua mapema utasema nini juu yake, na umpange wa pili au wa tatu, kamwe usimweke wa mwisho. Ukimsema yeye wa kwanza au wa mwisho, wenzake watahisi unamwonea huruma. Akiwa katikati, yeye ni mmoja wao.

Baadaye kila mtoto aende kubandika kipande chake mwenyewe popote anapopenda kwenye ule mwili. Usimchagulie. Mmoja ataweka sikioni, mwingine mguuni, na ukimuuliza sababu utapata jibu ambalo hukulitarajia. Maliza kwa sala fupi ambayo kila mmoja anairudia: "Mungu, asante kwa kuniumba mimi. Asante kwa kumuumba huyu aliye karibu nami."

Hatua ya 7: Ipangeni upya siku ya Mikaeli na Watoto

Kila mwaka mwishoni mwa Septemba sharika zetu huwapa watoto ibada. Tangu wiki nyingi kabla wanakariri mistari, ngonjera na nyimbo. Na karibu kila mahali watoto wale wale watano wenye sauti kubwa ndio hupewa mistari mirefu, wengine wakajazwa nyuma ya kwaya. Mzazi wa mtoto wa mstari wa nyuma hujua vizuri anachohisi mwanawe siku hiyo.

Tumieni kaunta buku kugawa majukumu. Igizo linahitaji mwenye kutengeneza vifaa, mwenye kukumbusha waliosahau maneno, mwenye kuwatuliza wadogo. Majina ya hao yasomwe mbele ya usharika pamoja na ya wanaosema mistari. Kama kuna zawadi, zisiwe za kushindanisha nani amekariri zaidi. Na mwenye kigugumizi anayetaka mstari, apewe mstari. Kusanyiko litasubiri.

Watoto wanaohitaji uangalizi zaidi

Mtoto mwenye ulemavu asifanywe mfano wa mahubiri. Kwake thamani huonekana kwenye mambo madogo ya mpangilio. Mwenye ualbino aketi mbele kwa sababu macho yake hayaoni mbali, na michezo ya nje ifanyike kivulini, akiwa na kofia na mikono mirefu. Kwa mtoto kiziwi, darasa zima lijifunze ishara chache za Lugha ya Alama, kuanzia na salamu na jina lake. Kisha naye apewe kazi kama wengine.

Mtoto anayesema "mimi sijui chochote" usibishane naye. Muombe akusaidie jambo moja dogo, leo, na umshukuru. Lakini sikiliza zaidi. Wakati mwingine maneno hayo yanatoka kwa mtoto anayeumizwa. Mfundishe kwamba mwili wake ni wa thamani na hakuna mwenye ruhusa ya kumgusa kwa namna inayomtia hofu au aibu, awe ndugu, mwalimu au mtumishi wa kanisa. Namba 116 ya msaada kwa mtoto hupigwa bure, Tanzania na Kenya pia. Ibandikeni ukutani darasani.

Mwenye kipaji kinachong'aa naye yumo hatarini. Mtoto anayeimba vizuri huitwa kwenye kila harusi, kila mkutano, kila uzinduzi. Mzazi awe na ujasiri wa kukataa mialiko. Alale mapema, aoshe vyombo kama wenzake, na awepo Jumapili ambayo haimbi.

Mwisho yupo mvulana anayependa kupika na msichana anayependa kufungua baiskeli, na baba anayeona aibu. Mkumbushe baba huyo kwamba Yakobo alikuwa akipika dengu pale Esau aliporudi kutoka nyikani, kwamba Paulo alishona mahema, na kwamba Debora aliamua kesi za Israeli chini ya mtende.

Mtoto akifikisha umri wa kipaimara, mwalimu wa Shule ya Jumapili akae na mwalimu mpya, wapitie kurasa za mtoto huyo katika kaunta buku: alionekana akifanya nini, alipewa kazi gani, ipi aliifurahia, ipi aliikataa. Siri alizokueleza mtoto zisiwemo. Kurasa hizo asomewe mwenyewe kwanza, na aulizwe kama kuna jambo analotaka kuongeza.